Kutoka Kupangiwa hadi Kujiajiri: Historia ya Ajira za Wahitimu wa Vyuo katika Wilaya za Kibondo na Kasulu, Mkoani Kigoma

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania, tatizo la wahitimu wa vyuo wasio na ajira huelezwa kwa hesabu mbili: idadi ya vijana wanaomaliza masomo na idadi ya nafasi zinazotangazwa. Hesabu hizo zinatisha. Mwezi Juni 2014, zaidi ya vijana 10,000 walijaa katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwezi Januari 2025, waombaji 201,707 wa kada ya ualimu waliitwa kwenye usaili wa nafasi 14,648, yaani karibu watu 14 kwa kila nafasi moja. Mwaka huohuo, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipata waombaji 135,027 wa nafasi 1,596. Hata hivyo, hesabu za taifa zima huficha jambo moja la msingi, kwamba ukosefu wa ajira una historia yake katika kila mahali. Kijana aliyehitimu chuo akarudi kwao Kibondo au Kasulu hakabiliani na soko la ajira kwa ujumla wake. Anakabiliana na waajiri wachache ambao walifika katika eneo hilo kwa nyakati zinazojulikana na kwa sababu zinazojulikana.

Makala hii inachunguza historia ya waajiri hao. Eneo linalohusika ni nyanda za juu za Buha, mkoani Kigoma, kati ya Ziwa Tanganyika na mpaka wa Burundi. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Wilaya ya Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu. Kwa hiyo, matukio ya kabla ya mwaka huo yanaelezwa hapa kwa kufuata mipaka ya zamani.

Hoja kuu ya makala ni kwamba kwa takriban karne moja ajira ya mshahara katika Kibondo na Kasulu imetegemea waajiri watatu ambao uamuzi wao wa kuja na kuondoka haukufanywa na wenyeji: mashamba ya mkonge, dola, na mashirika ya kuhudumia wakimbizi. Wahitimu wa leo wamerithi utegemezi huo. Hivyo, maelezo yanayowalaumu kwamba wanachagua kazi, au kwamba hawana moyo wa kujiajiri, hayaungwi mkono na historia ya mahali walipozaliwa.

2.0 Eneo Lililotengwa Kutoa Nguvukazi

Mwaka 1921 Wabelgiji, waliokuwa wameiteka Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliikabidhi kwa Waingereza. Utawala mpya ulikuta reli ya kati imekwisha kufika Kigoma tangu mwaka 1914. Ulikuta pia nchi ya wakulima na wafugaji ambayo haikuwa na zao kubwa la biashara. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na njia ya uhakika ya kuzipata ilikuwa kuuza nguvu za mwili katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Utafiti wa Margot Lovett kuhusu uhamaji wa vibarua katika nyanda za juu za Buha unaonyesha jinsi safari hizo zilivyobadilisha uhusiano kati ya wazee na vijana, na kati ya waume waliosafiri na wake waliobaki nyumbani. Kijana aliyerudi na fedha zake mwenyewe hakulazimika tena kusubiri mahari kutoka kwa mzee.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo cha pamoja cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kama SILABU. Mtu aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo lugha ya Kiswahili ikapata neno manamba. Neno hilo liliwaandama Waha kwa muda mrefu, na katika miji ya mashariki likawa karibu jina la pili la mtu wa Kigoma. Katika miaka ya 1930 wakazi wa sehemu za Kibondo walikuwa wamekusanywa katika makazi mapya kwa ajili ya kupambana na malale, hatua iliyowaondoa katika ardhi yao ya asili. Kwa njia hizo mbili, yaani kodi na kuhamishwa, eneo hili liligeuzwa kuwa ghala la nguvukazi ya watu wengine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wakati huo hakuna aliyesema kwamba Buha ilikosa watu wenye bidii. Waliotoka Kasulu na Kibondo walitafutwa kwa sababu walifanya kazi. Kilichokosekana ni ajira ya karibu na nyumbani, na kukosekana huko kulilifaidisha shamba la mkonge. Elimu ilitolewa kwa sehemu kubwa na misheni za Kikatoliki na Kianglikana, na waliofika madarasa ya juu walikuwa wachache. Msomi wa Buha wa miaka ya 1950 alikuwa mwalimu wa misheni, karani wa boma au mganga msaidizi. Wenzake wengi wa rika lake walikuwa njiani kwenda au kurudi Tanga.

3.0 Dola Kama Mwajiri: Miaka ya Kupangiwa

Uhuru wa mwaka 1961 ulileta mwajiri wa pili. Mashamba ya mkonge yalipunguza vibarua baada ya kima cha chini cha mshahara kupandishwa mwaka 1962, na bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka iliyofuata, safari za manamba zilififia. Dola, kwa upande wake, ilihitaji wasomi kuliko ilivyoweza kuwapata. Mwanafunzi aliyesomeshwa na serikali alifungwa kwa makubaliano ya kuitumikia baada ya masomo. Ndipo kitenzi kupangiwa kilipopata maana iliyozoeleka kwa vizazi viwili: mhitimu hakuomba kazi, alipangiwa kituo.

Makubaliano hayo hayakukosa mvutano. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao mamia ya wanafunzi na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, yalitoka Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Fundisho lililobaki ni kwamba elimu ya juu ni deni kwa taifa, na kwamba taifa nalo lina wajibu wa kumpa msomi mahali pa kulilipa deni hilo. Upande wa pili wa fundisho hilo ndio uliokuja kusahauliwa baadaye.

Katika Kibondo na Kasulu, dola ilionekana kwa macho wakati wa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, ambapo wananchi walihamishiwa vijijini. Kila kijiji kipya kilidai mwalimu, mganga, bwana shamba na katibu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote iliyokusudiwa kufikiwa mwaka 1977, na kwa kuwa vyuo vya ualimu havikutosha, maelfu ya vijana waliomaliza shule ya msingi walifunzwa kazi ya ualimu papo hapo vijijini. Tangu mwaka 1975 vilianza pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo Kasulu na Kibondo zilivipata. Pamoja na vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, wilaya hizi zikawa na taasisi zake za kutoa watu wenye taaluma.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko mshahara wenyewe. Kwa mara ya kwanza, kijana wa Buha aliweza kuishi kwa kipato cha kazi bila kupanda treni. Mwalimu alijenga nyumba ya bati, akasomesha wadogo zake, na akawa mfano uliotajwa kila mzazi alipotaka kumhimiza mtoto wake asome. Imani kwamba chuo ni njia ya ajira haikutokana na ndoto za vijana wa siku hizi. Ilijengwa na sera ya dola, ikathibitishwa na maisha ya majirani.

Hata hivyo, mfumo huo ulikuwa na udhaifu wake. Mwajiri alikuwa mmoja, na uwezo wake ulitegemea hazina iliyokuwa ikizidi kubanwa. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilionyesha jinsi dola ilivyomwona mtu asiye na kazi, kwani ililenga kumwondoa mjini kama mzururaji na kumrudisha shambani. Tayari lawama ya ukosefu wa ajira ilikuwa imeanza kuhamishiwa kwa asiye na ajira.

4.0 Kupungua kwa Dola

Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti ya kurekebisha uchumi yakafuata. Mashirika ya umma yalibinafsishwa au kufungwa, na kuanzia mwaka 1993 mpango wa kurekebisha utumishi wa umma uliwapunguza wafanyakazi kwa maelfu. Utaratibu wa kila mhitimu kupangiwa kazi ulikoma kwa fani nyingi, ukabaki hasa kwa walimu na watumishi wa afya.

Katika miji mikubwa, pengo hilo lilizibwa kwa kiasi fulani na sekta binafsi: mabenki, kampuni za simu, vyombo vya habari na shule za binafsi. Kibondo na Kasulu hazikuwa na bahati hiyo. Kigoma iliitwa mwisho wa reli, na wilaya hizi zilikuwa mbali hata na reli yenyewe. Barabara zilikuwa za udongo, na umeme wa gridi ya taifa ulikuja kufika miongo mitatu baadaye. Mwekezaji hakuwa na sababu ya kwenda huko. Lakini katika mwaka uleule ambao dola ilianza kupunguza watumishi wake, mwajiri wa tatu alifika kutoka upande ambao hakuna mpangaji wa uchumi aliyeutazamia.

5.0 Kambi Kama Mwajiri, 1993–2012

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na katika majuma yaliyofuata mamia ya maelfu ya Warundi walivuka mipaka. Wengi walirudi, kisha wengine wakaja. Mwaka 1996 vita vya Zaire vilileta wakimbizi wa Kikongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Kufikia mwaka 2000 Tanzania ilikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni. Kasulu ilikuwa na kambi za Mtabila, Muyovozi na Nyarugusu. Kibondo ilikuwa na Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Karago na Mkugwa.

Kila kambi ni mji unaohitaji maji, zahanati, maghala, magari, ulinzi na hesabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na mashirika mengi yasiyo ya kiserikali, ya ndani na ya nje, yalifungua ofisi katika miji midogo ya Kibondo na Kasulu. Yaliajiri madereva, watunza ghala, wauguzi, mafundi wa maji, wahasibu, wakalimani na maofisa wa ustawi wa jamii. Mtafiti Beth Whitaker alionyesha kwamba watumishi wa serikali za wilaya, wakiwamo wauguzi na walimu, waliacha vituo vyao wakafuata mishahara mikubwa zaidi ya mashirika. Naye Loren Landau, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu Kasulu, alichunguza jinsi ujio wa wakimbizi na misaada ulivyobadilisha uhusiano wa wenyeji na dola yao.

Mambo matatu kuhusu mwajiri huyu yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba ajira zake zilikuwa za mkataba mfupi uliofuata mwaka wa bajeti ya wafadhili. Mtu aliweza kufanya kazi kambini miaka kumi akiwa na mikataba kumi. La pili ni kwamba nafasi za juu ziliombwa na Watanzania wa nchi nzima, na malalamiko ya wenyeji kwamba wao waliachiwa ulinzi na vibarua yalisikika tangu mwanzo. La tatu linahusu walimu. Shule za kambini zilifuata mitaala ya Burundi na Kongo, na waliofundisha madarasani walikuwa wakimbizi wenyewe. Kwa hiyo, kundi kubwa kuliko yote la wasomi waliotolewa na vyuo vya Kasulu na Kabanga halikuweza kuajiriwa katika kazi lililosomea. Mwalimu aliyetaka kazi kambini alilazimika kuwa kitu kingine.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya mwaka 2003 zilisisitiza kwamba mkimbizi abaki kambini, asitoke zaidi ya kilomita nne bila kibali, na kwamba suluhisho ni kurudi kwao. Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulifungua njia, na kuanzia mwaka 2002 Warundi walianza kurudishwa. Kambi za Kibondo zilifungwa moja baada ya nyingine. Mwezi Desemba 2012 ilifungwa Mtabila, na ikabaki Nyarugusu peke yake.

Kwa Burundi, na kwa yeyote anayethamini amani, hayo yalikuwa mafanikio. Kwa mji wa Kibondo yalikuwa pia kufungwa kwa mwajiri mkubwa. Nyumba zilizopangishwa kwa mashirika zilibaki wazi, na dereva, muuguzi na mtunza ghala wakarudi nyumbani na barua ya kumaliza mkataba. Hapa ndipo ugumu wa kimaadili wa historia hii unapoonekana. Msomi wa Kibondo aliwekwa mahali ambapo riziki yake ilitegemea uhamisho wa jirani yake, na ambapo amani ng'ambo ya mpaka ilimaanisha njaa nyumbani kwake. Hakuichagua hali hiyo, lakini ilikuwa ndiyo ajira iliyokuwapo.

6.0 Wahitimu Wanaongezeka, Mlango Unafungwa, 2004–2016

Wakati kambi zikifungwa, shule zilikuwa zikifunguliwa. Kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa kuanzia mwaka 2004, kulizaa shule za kata nchi nzima. Uhaba wa walimu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo mafupi na kupelekwa madarasani, na wananchi wakawabandika jina la voda fasta. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, viliwafikisha chuo kikuu watoto wa wakulima ambao wazazi wao wasingeweza kulipa ada. Kwa mara ya kwanza shahada ikawa jambo la kawaida katika vijiji vya Buha.

Kwa miaka michache mfumo ulionekana kufanya kazi. Aliyesomea ualimu alihitimu, akasubiri orodha ya wizara, akapangiwa. Wilaya mpya za mwaka 2012 nazo zilihitaji watumishi. Vijana wengi walichagua ualimu kwa hesabu sahihi: ulikuwa na mkopo wa uhakika na ajira ya uhakika.

Hesabu hiyo ilivurugika katikati ya mwaka 2016, serikali iliposimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Taarifa iliyotolewa Dodoma mwezi Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa na sababu za msingi, lakini gharama yake iliwaangukia pia wahitimu wa miaka hiyo ambao hawakughushi chochote. Ajira ziliporejea zilikuwa chache kuliko foleni. Mwezi Aprili 2022 zilitangazwa nafasi 9,800 za ualimu na 7,612 za afya kwa nchi nzima, huku walimu wa miaka kadhaa wakiwa bado wanasubiri. Wakati huohuo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliongeza makato ya marejesho ya mkopo kwa aliyeajiriwa hadi asilimia 15 ya mshahara. Yule asiye na mshahara alibaki na deni lake.

Utaratibu wa kuomba kazi pia ulibadilika. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilihamishia maombi katika mfumo wa mtandao, na usaili wa kada nyingi ulifanyika Dodoma au Dar es Salaam. Kwa mhitimu wa Kibondo, kuitwa kwenye usaili kulimaanisha kwanza kutafuta nauli, malazi na chakula cha siku kadhaa, na familia nyingi ziliuza mazao au mifugo kwa nafasi ambayo watu kumi au mia waliigombea. Liko pia suala la uraia. Katika mkoa wa mpakani uliopokea wakimbizi kwa miongo mingi, wenyeji hutakiwa mara kwa mara kuthibitisha kwamba wao ni Watanzania, na wabunge wa mkoa wamelalamikia jambo hilo. Pale ambapo namba ya kitambulisho cha taifa inahitajika ili kuomba kazi, kucheleweshwa kwa uhakiki wa uraia ni kucheleweshwa kwa ajira.

7.0 Kambi Zinarudi, 2015–2025

Mwezi Aprili 2015 Burundi iliingia katika machafuko baada ya Rais Pierre Nkurunziza kuteuliwa kugombea muhula wa tatu. Nyarugusu, iliyokuwa ya Wakongo kwa sehemu kubwa, ilifurika. Mwezi Oktoba 2015 ilifunguliwa upya Nduta, na mwezi Januari 2016 ikafunguliwa upya Mtendeli, ambayo sasa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kakonko. Mashirika yalirudi, nyumba zikapangishwa tena, na matangazo ya kazi yakabandikwa tena katika mbao za ofisi za wilaya.

Tofauti na mwaka 1993, mara hii yalikuta wenyeji wengi wenye shahada na stashahada. Tofauti ya pili ni kwamba foleni ya serikali ilikuwa imefungwa kuanzia mwaka uliofuata, hivyo kambi ikawa tegemeo si la wasiobahatika tu bali la kizazi kizima cha wahitimu. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulianzisha programu ya pamoja ya Kigoma, kwa wazo kwamba maeneo yanayopokea wakimbizi yanastahili maendeleo na si misaada ya dharura peke yake.

Lakini mzunguko ulijirudia. Mwezi Januari 2017 Tanzania iliacha kuwatambua Warundi kama wakimbizi kwa mkupuo. Mwaka 2018 ilijiondoa katika mpango wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi kwa pamoja na jamii zinazowapokea. Mwaka 2019 ilikubaliana na Burundi kuharakisha urejeaji, na mwishoni mwa mwaka 2021 Mtendeli ikafungwa kwa mara ya pili. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo ilikuwa nguzo kubwa ya huduma za wakimbizi duniani. Mikataba iliyotegemea fedha hizo ilikatika ghafla. Mara ya kwanza ajira za Kibondo ziliondoka kwa sababu ya amani ya Burundi. Mara hii zilitikiswa na uamuzi uliofanywa Washington.

8.0 Kujitolea na Kujiajiri

Kati ya kupangiwa na kukosa kabisa, kimezuka kitenzi kingine: kujitolea. Zamani kujitolea kulimaanisha kutoa nguvu zako kwa hiari kwa ajili ya kijiji au taifa. Sasa kunamaanisha pia mwalimu mwenye cheti anayefundisha shule ya kata akilipwa posho kutokana na michango ya wazazi, au muuguzi anayehudumia zahanati kwa matumaini ya kukumbukwa nafasi zikitangazwa. Shule zinahitaji walimu, na walimu wapo. Kinachokosekana kati yao ni kibali na fungu la mshahara.

Ulinganisho mmoja wa papo hapo unalieleza jambo hili vizuri. Ndani ya Nyarugusu, mwalimu mkimbizi hufundisha kwa posho ndogo kwa sababu sheria haimpi nafasi ya kuajiriwa. Nje ya Nyarugusu, katika shule ya jirani, mwalimu Mtanzania hufundisha kwa posho ndogo kwa sababu bajeti haimpi nafasi ya kuajiriwa. Wote wawili wana taaluma, wote wanafanya kazi kamili, na kazi ya wote haihesabiwi kuwa ajira. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira, wengi wakiwa wahitimu wa kati ya mwaka 2015 na 2023, walijitokeza hadharani kupitia umoja uliojulikana kwa kifupi kama NETO, wakihoji haki ya kusailiwa upya kwa kazi waliyokwisha kufuzu. Hoja yao ilikuwa na mizizi katika historia iliyoelezwa hapa: walisoma chini ya ahadi moja, wakahitimu chini ya nyingine.

Jibu la kisera linalosikika zaidi ni kujiajiri. Wapo waliofanikiwa kwa njia hiyo, katika biashara ya maharage, kahawa, asali, uwakala wa fedha za simu na uendeshaji wa bodaboda. Hata hivyo, kujiajiri kunahitaji ardhi, mtaji na soko, na vyote vitatu vina historia yake. Ardhi imegombaniwa kwa miaka mingi, kama ilivyokuwa katika eneo la Kagera-Nkanda, pembeni mwa msitu wa Makere Kusini. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Masoko ya pamoja kati ya wakimbizi na wenyeji, yaliyokuwa yakinunua mazao na kuuza bidhaa, yalifungwa mwishoni mwa miaka ya 2010. Muundo wa vitenzi vyenyewe unaonyesha mahali mzigo ulipohamia. Katika kupangiwa, mtendaji ni mwingine na mhitimu ni mtendewa. Katika kujiajiri, mhitimu ni mwajiri na mwajiriwa kwa pamoja, na akishindwa hakuna mwingine wa kuulizwa.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ukosefu wa ajira kwa wahitimu wa Kibondo na Kasulu haukuanza na wingi wa vyuo. Mizizi yake iko katika eneo lililotumiwa kwanza kama chanzo cha manamba, kisha kama kituo cha watumishi wa dola, kisha kama mwenyeji wa kambi, bila ya mwajiri yeyote kati ya hao kuacha nyuma yake uchumi unaoweza kuwaajiri watu akiwa hayupo. Upanuzi wa elimu wa miaka ya 2000 uliongeza idadi ya waliokuwa wakisubiri. Haukuwa ndio uliojenga utegemezi wenyewe.

Matokeo haya yana maana mbili kwa utafiti na sera. Kwanza, tafiti zinazopima sifa za mhitimu peke yake, kama vile stadi, mtazamo au lugha, zinaacha nje sehemu kubwa ya maelezo. Inafaa zipime pia historia ya waajiri wa mahali husika. Pili, kufungwa kwa kambi hakuna budi kuchukuliwa kama kufungwa kwa kiwanda, kwa kupanga mapema majengo, mitambo ya maji na watu wenye ujuzi wataelekezwa wapi. Mifano ipo ndani ya mkoa huohuo. Lugufu, iliyokuwa kambi ya Wakongo, ilipata shule za sekondari, na zilipokuwa nyumba za wakimbizi pale Mtabila pakawa kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Katika maeneo hayo, ajira za kudumu za walimu na watumishi wengine zilipatikana pale ambapo uamuzi wa umma ulitangulia. Nduta na Nyarugusu nazo zitafungwa siku moja, na wahitimu wanaozitegemea leo wanajulikana walipo. Muda wa kuamua watafanya nini baada ya hapo ni kabla ya lori la mwisho kuvuka mpaka.